Kulipaka Upya Kasha la Kompyuta Nyumbani: Makopo ya Kupuliza na Rangi ya Fundi wa Katwe

Kasha ninaloliandikia hapa, ambalo wengi wetu Kampala tunaliita sipiyu ingawa sipiyu hasa ni kile kidude kidogo kilichomo ndani, nililinunua mwaka 2009 likiwa na rangi ya maziwa. Kufikia mwaka jana uso wake wa plastiki ulikuwa umegeuka njano isiyopendeza, na kwenye kona ya chini, upande uliokuwa ukigusana na sakafu yenye unyevu, kutu ilikuwa imeenea upana wa kiganja. Sikutaka kulitupa. Makasha mapya ya bei ya chini niliyoyashika madukani yana bati jembamba ambalo linapinda ukilibonyeza kwa kidole gumba, ilhali langu nilipolipima kwa kalipa lilikuwa na unene wa milimita 0.8. Zaidi ya hayo, mpangilio wa ATX, yaani kanuni za vipimo vya kasha na vipuri vyake, ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995 haujabadilika katika mambo ya msingi, kwa hiyo kasha hili la zamani bado linapokea mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya leo yenye ukubwa wa milimita 305 kwa 244, na matundu ya skrubu yanalingana sawasawa.

Niliamua kulipaka upya nyumbani Nsambya, rangi ya kijani iliyokolea kama jani la mgomba baada ya mvua, na katika kazi hiyo nilitumia bidhaa mbili na huduma moja ambazo nataka kuzitathmini kwa undani: makopo ya kupuliza ya bei ya chini, makopo ya akriliki ya bei ya kati, na rangi ya magari iliyochanganywa dukani kisha kupulizwa kwa kompresa na fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala. Bati la ubavu wa kulia lilikwenda Katwe. Bati la ubavu wa kushoto, fremu na uso wa plastiki nilivifanya mwenyewe uani. Hivyo rangi mbili za mwisho kati ya hizo zimekaa juu ya kasha moja, katika chumba kimoja, kwa muda wa miezi minane, na tofauti zake ninaziona kila ninapoketi kufanya kazi.

Kabla ya rangi yoyote kuna suala la bati lenyewe, na hapa ndipo nilipoteza rangi na muda kwa kutolielewa. Miaka kadhaa iliyopita nilijaribu kupaka sehemu ya ndani ya kasha hilihili kwa rangi ya mafuta ya kawaida ya kung'aa, ile inayopakwa milango na madirisha ya chuma. Ilikauka vizuri na ikapendeza, lakini baada ya miezi michache ilianza kubanduka kama magamba ya samaki, na nilipoinua gamba moja kwa ukucha nilikuta chini yake bati safi la kijivu, kana kwamba halikuwahi kupakwa kitu. Sababu yake ni kwamba bati la ndani ya makasha ya kompyuta kwa kawaida ni chuma kilichofunikwa kwa utando mwembamba wa zinki ili kisishike kutu, na rangi za mafuta zinapokutana na zinki zinafanya polepole kitu kinachofanana na sabuni, katikati ya bati na rangi, na sabuni hiyo ndiyo inayoachia. Hakuna wingi wa msasa utakaoliponya hilo. Kinachohitajika ni praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya kung'ata chuma, yaani ile yenye asidi kidogo ambayo mafundi wa magari wanaitumia juu ya bati lililo wazi, halafu rangi ya akriliki juu yake.

Praima hiyo haipatikani kirahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mara mbili niliuziwa praima nyekundu ya kupakia mageti kwa madai kwamba "zote ni moja". Si moja. Nilipata ile ya kweli katika duka linalouza rangi za magari, na kijana wa kaunta alinieleza bila kuulizwa kwamba niipake nyembamba sana, nusu uwazi, na nisijaribu kulifunika bati lote kwa mkono mmoja, yaani kwa tabaka moja. Ushauri huo ulikuwa sahihi, na kwa sababu hiyo nimeendelea kununua katika duka hilo.

Sasa niseme juu ya makopo ya bei ya chini. Nilinunua mawili katika duka moja la katikati ya mji, kila moja kwa shilingi 12,000, na maandishi ya kopo yaliahidi kwamba rangi inakauka kwa dakika kumi. Kwa kugusa, ndiyo, inakauka. Lakini kukauka kwa kugusa na kukomaa ni mambo mawili, na kopo halikueleza popote muda wa kupaka mkono wa pili. Nilipaka mkono wa kwanza saa nne asubuhi, mvua ikanifukuza, nikarudi saa kumi jioni na kupaka wa pili. Kwa muda wa kama nusu dakika bati lilionekana laini na lenye kung'aa. Kisha, mbele ya macho yangu, upande wa juu ukaanza kujikunja: mikunjo midogo ikainuka na kusambaa, mfano wa utando wa maziwa yaliyochemshwa unapoguswa na kijiko, hadi robo nzima ya bati ikawa na makunyanzi. Kilichotokea ni kwamba viyeyusho vya mkono wa pili viliingia katika mkono wa kwanza uliokuwa umekauka juu tu na bado mbichi chini, vikauvimbisha. Aina hii ya rangi hutaka ama urudie ndani ya saa moja, ama usubiri siku mbili kamili. Katikati ya hapo ni hatari. Mtengenezaji makini huliandika hilo kwenye kopo.

Dosari ya pili ya makopo hayo ni kinywa chake. Kinatema. Badala ya ukungu ulio sawa, kila baada ya mapigo machache kinatupa tone zito linaloacha doa, hata baada ya kulitikisa kopo kwa dakika mbili nzima huku golori ya ndani ikilia. Nililiweka kopo katika maji ya vuguvugu ili shinikizo lipande kidogo, jambo ambalo ni salama maadamu maji hayachemki, kwa kuwa makopo haya hayatakiwi kuzidi nyuzi 50 za selsiasi. Matone yalipungua lakini hayakuisha. Nilikwangua bati lote la kushoto kwa msasa wa namba 240 hadi chuma kikaonekana, nikaanza upya. Makopo hayo siyapendekezi kwa kazi hii, hata kwa mtu mwenye bajeti ndogo, kwa sababu gharama ya msasa na siku mbili za kukwangua inameza tofauti yote ya bei.

Makopo ya akriliki ya bei ya kati niliyanunua matatu, shilingi 25,000 kila moja, na hesabu ya matatu ilitokana na vipimo. Kasha langu lina urefu wa sentimita 45, kina cha sentimita 45 na upana wa 20, kwa hiyo nje peke yake ni karibu robo tatu ya mita ya mraba, na ukiongeza fremu ya ndani unafika mita moja na nusu hivi. Kopo la mililita 400 lilinitosha kupaka eneo kama hilo kwa mkono mmoja mwembamba, na mikono mitatu myembamba ndiyo iliyofunika praima sawasawa. Anayenunua kopo moja akitumaini litamaliza kasha zima atajikuta akipaka nene ili rangi ionekane, na rangi nene hutiririka.

Ukungu wa makopo haya ni mzuri kweli. Nilishika kopo sentimita 25 kutoka kwenye bati, nikaanza kupuliza kabla ya kufika ukingoni na kuachia kidole baada ya kuvuka ukingo wa pili, kila mstari ukifunika nusu ya mstari uliotangulia. Mkono wa kwanza unatakiwa uonekane kama haujafunika kitu, madoadoa tu, na ni vigumu kuivumilia sura hiyo. Lakini madoadoa hayo ndiyo yanayoushika mkono wa pili usiteleze. Nilisubiri dakika kumi na tano kati ya mkono na mkono. Rangi haikutiririka hata mahali pamoja, isipokuwa kwenye kingo za matundu ya feni, ambako nilikuwa nimesimama muda mrefu kupita kiasi.

Hali ya hewa yetu inahitaji kuzungumziwa, kwa maana maelekezo ya makopo yameandikwa kwa nchi nyingine. Nilifanya kazi hii mwezi wa Novemba, msimu wa mvua, na asubuhi moja rangi iliyokuwa imekaa vizuri ikabadilika kuwa na weupe wa maziwa mbele yangu. Viyeyusho vinapoondoka haraka vinalipoza bati, na bati lililopoa katika hewa yenye unyevu mwingi huvuta umande juu yake, nao umande ukinaswa ndani ya rangi unaleta weupe huo. Tangu siku hiyo nilipaka kati ya saa tano na saa nane mchana pekee, jua likiwa limeshakausha ua, na weupe haukurudi. Vumbi letu jekundu nalo nililizuia kwa kufagia ua jioni iliyotangulia na kuunyunyizia maji nusu saa kabla ya kupuliza, kisha nikalitundika bati kwa waya ndani ya katoni kubwa la jokofu lililofunguliwa upande mmoja. Mwezi wa Novemba pia ndio mwezi wa nsenene, wale panzi wanaoliwa, na jioni moja nilipoacha bati likauke chini ya taa ya baraza, nsenene mmoja alitua katikati yake na kutembea hatua tano kabla sijamwona. Nyayo zake zilikuwa safi kabisa, miguu sita, kila hatua na alama yake. Nilisubiri siku mbili, nikazipitisha msasa wa maji namba 1000, nikarudia mkono wa mwisho. Taa ya nje izimwe.

Na moto usiwepo karibu. Gesi inayosukuma rangi katika makopo mengi ni ya jamii ileile ya gesi ya kupikia, na katika nyua zetu sigiri ya jirani haiko mbali. Nilimwomba mama jirani anihakikishie kwamba hajawasha mkaa, naye akasogeza upishi wake hadi alasiri siku zote tatu nilizopaka. Ninamshukuru, kwani si kila mtu angekubali kula mchana wa kuchelewa kwa ajili ya kompyuta ya mwenzake.

Uso wa plastiki ulinipa somo lake. Plastiki ya makasha mengi ni ABS, ambayo huwa njano kwa sababu ya mwanga wa jua na dawa za kuzuia moto zilizochanganywa ndani yake, na njano hiyo inafunikwa na rangi bila shida. Lakini ABS inayeyushwa na thina. Nilifuta kona moja kwa kitambaa chenye thina, kama nilivyofuta bati, na plastiki ikalainika ikachukua chapa ya nyuzi za kitambaa, ambayo bado ipo chini ya rangi ukiitazama kwa pembeni. Ioshwe kwa sabuni ya vyombo na maji, ipitishwe msasa wa namba 600, ipewe praima ya plastiki, basi.

Katwe nilikwenda na bati la kulia nikiwa na matumaini makubwa, kwa kuwa mtaa ule una mafundi waliozaliwa katika kazi ya chuma. Duka la kuchanganya rangi lilitazama kipande changu cha kijani, wakapima kwenye mizani, wakakoroga, wakanionyesha tone kwenye karatasi chini ya taa ya dukani, nami nikakubali kwamba zimefanana. Nilipotoka nje juani hazikufanana: yao ilikuwa na ubuluu ambao taa iliuficha. Kwa heshima yao niseme kwamba walirudia bila malipo na bila kununa. Yeyote atakayetumia huduma hii atoke na sampuli hadi barabarani kabla ya kulipa.

Fundi aliyepuliza ni mzee mwenye mikono mitulivu, na nilipomkabidhi bati alipitisha kidole juu yake, akakinusa, akanirudishia. "Mwanangu, umelishika kwa mikono. Rangi haikamati mafuta." Nilikuwa nimelisafisha nyumbani kisha nikalibeba kwenye boda bila glavu. Alilifuta tena mwenyewe, akapuliza praima, rangi na kliya, yaani tabaka angavu la mwisho, kwa muda usiozidi saa moja, na matokeo yake sijawahi kuyafikia kwa kopo: uso ulionyooka kama kioo, usio na vipelevipele vya ganda la chungwa. Nililipa shilingi 40,000 kwa bati hilo moja, kuchanganya rangi kukiwemo, na ninaona ni bei ya haki.

Jambo moja lilinisumbua na sitalinyamazia. Kliya ya magari inachanganywa na hadina, yaani kigumishi, yenye kemikali za isosaineti, ambazo zinaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na kijana aliyemsaidia mzee alikuwa amejifunga kitambaa tu puani. Kitambaa huzuia vumbi. Mvuke kinaupitisha wote. Hata kwa makopo ya kawaida mimi nilivaa barakoa yenye vichujio vya mkaa maalumu, nikafanya kazi nje mahali penye upepo mwanana. Kliya ya hadina isipulizwe nyumbani na mtu asiye na vifaa kamili, na anayempelekea fundi kazi hii anaweza angalau kuliuliza jambo hilo kwa heshima, kama nilivyofanya.

Kuna sehemu za kasha ambazo hazitakiwi kupata rangi kabisa, na hili sijaona likielezwa kwa uzito unaostahili. Umeme wetu ni volti 240, na chuma cha kasha kinaunganishwa na waya wa ardhi kupitia mahali bati linapogusana na pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, pamoja na vile vinguzo vidogo vinavyobeba mazabodi. Rangi ni kizuizi cha umeme. Nilikuwa nimefunika vinguzo kwa tepu ya karatasi lakini nikasahau fremu ya pawasaplai, na kabla ya kuchomeka waya nilipima kwa mita kati ya pini ya ardhi ya plagi na bati la kasha: mita ilinyamaza. Nilikwangua rangi kuzunguka matundu manne ya skrubu, duara la ukubwa wa sarafu kila tundu, nikafunga tena, na mita ikalia ikionyesha chini ya omu moja. Kipimo hicho ni cha dakika mbili na kifanywe na kila mtu. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe kwa ajili ya kupakwa, maana kapasita zake hubaki na volti zaidi ya 300 kwa muda hata baada ya plagi kutolewa.

Matundu ya skrubu mengine niliyajaza skrubu kuukuu wakati wa kupaka, na nilipozitoa nyuzi zilikuwa safi. Mifereji ambamo mabati ya ubavuni huteleza nilipaswa kuifunika pia. Sikufanya hivyo, na bati la kushoto likawa gumu kuingia. Kila nilipolivuta lilikwangua rangi yake lenyewe.

Miezi minane imepita. Bati la Katwe halina mkwaruzo, ingawa nimeligonga na mguu wa kiti mara mbili, na linafutika vumbi kwa kitambaa kikavu. Bati la akriliki bado limeshika imara bila kubanduka popote, hata kwenye kona iliyokuwa na kutu, ila ni laini zaidi: ukucha ukikazwa unaacha alama, na ukingo unaoingia kwenye mfereji umeshaonyesha praima ya kijivu urefu wa kidole. Huko nitapaka kwa brashi ndogo, kwa tone nililobakiza katika chupa ya dawa, siku nitakapolifungua kasha tena kusafisha feni.